Kadi za Foleni ya Unga

3 Februari

Dada,

Natumaini hujambo, na kama hujambo basi sijui kwa nini huandiki. Sisi wazima. Mapacha wameota meno ya juu na wanamng'ata mama yao kwa zamu, utadhani wamepangiana.

Simu usijaribu. Ya kwangu nimeiuza nikanunua mkanda wa mashine, na ya jirani haina salio tangu bei zipande. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama enzi za baba, na nimegundua bado nina mwandiko wa darasa la nne.

Huku dizeli ndiyo habari ya mji. Ikija, mashine ya kusaga inaunguruma siku mbili. Ikiisha, tunakaa kimya hadi wiki nyingine. Na watu wanaongezeka, maana unga wa dukani kwa bei ile nani ataununua? Kila mtu analeta nafaka yake, debe, nusu debe, hata kopo. Desturi ya mashineni unaijua: unapanga debe lako kwenye mstari, unaenda zako, debe linakushikia nafasi. Hiyo ilitosha watu walipokuwa na shibe. Sasa debe uliloliacha la tatu unalikuta la kumi na nne. Wiki iliyopita fundi cherehani wa pale kona na mke wa mwalimu walikunjana mashati, kila mmoja anasema debe la mbele ni lake, na madebe yenyewe yote ni ya mafuta ya aina moja, huwezi kulijua la nani.

Hapo nikatumia kichwa. Nikasema madebe basi, kila mtu aniachie kadi yake ya mpiga kura. Ina jina, ina namba, ina picha, na hakuna atakayesema sura ile si yake. Nimepigilia misumari kwenye ubao, kadi za mbele juu, za nyuma chini, ukisagiwa unachukua ya kwako unaondoka. Kitambulisho cha kawaida watu hawataki kukiacha, kinaulizwa benki na hospitali, ila kadi ya kura haina kazi mpaka uchaguzi. Ugomvi umekwisha. Watu wananisifu hadi naona aibu.

Diwani wetu alisikia, akaja mwenyewe kuuona ubao. Akacheka, akanipiga begani vumbi la unga likaruka, akasema, "Wewe ungekuwa serikalini tungefika mbali." Kesho yake akaleta pipa la dizeli. Pipa zima, dada.

Hebu niambie wewe unayewachapia barua wakubwa wa wizara. Huko wanajua tunavyoishi, au mnakula tu biskuti?

Mdogo wako,
Vumbi


19 Februari

Vumbi wangu,

Biskuti zilikatwa tangu Desemba. Sasa tunakunywa chai kavu, ila Katibu ana za kwake kwenye droo, anazitafuna taratibu akidhani hatusikii. Mimi bado ni wa mkataba. Wameniahidi ajira ya kudumu kabla Aprili haijaisha, kwa hiyo nainamisha kichwa nachapa.

Kila kinachopita mezani kwangu siku hizi kinaanza na maneno yale yale: kutokana na hali ngumu ya uchumi. Vidole vinayaandika vyenyewe. Kutokana na hali ngumu, likizo zimesitishwa. Kutokana na hali ngumu, bunge litakaa siku mbili badala ya kumi. Kutokana na hali ngumu, waandishi wa habari wasiingie ukumbini, viti havitoshi. Viti vile vile vilivyokuwapo mwaka jana.

Sasa mambo yako. Pipa hilo silipendi. Bure ghali, mdogo wangu. Diwani huyo alipita mtaani kwetu mara moja tu katika miaka mitano, na ilikuwa msibani. Leo ameijua njia ya mashineni? Jiulize anataka nini kabla hajakwambia mwenyewe.

Halafu barua yako imenifikia imefunguliwa. Mtu ameirudishia kwa gundi, na gundi ilikuwa mbichi hata ikaninasa kidole. Ni wewe uliyebandika mara mbili, au nani?

Na kadi. Mtu akisagiwa anaondoka nayo siku hiyo hiyo? Hilo nijibu waziwazi.

Dada yako,
Mpiga Chapa


2 Machi

Dada,

Mimi nilibandika kwa ulimi wangu, mara moja. Kama kuna gundi, basi ni ya huko kwenu.

Kuhusu kadi, zamani waliondoka nazo. Sasa hapana, na unisikilize kabla hujapandisha hasira. Diwani anasema dizeli yake ni ya watu wa kata hii, na wakija wa kata nyingine itakwisha kabla wenyewe hawajasaga. Kwa hiyo kadi zinabaki kwangu, ijulikane nani ni wa hapa. Ameleta sanduku la bati na kufuli, funguo mbili, mmoja wake mmoja wangu. Ameweka na mtu wake, anakaa kwenye kiti mlangoni anaandika namba. Watu hawalalamiki. Fundi cherehani aliniambia, "Kaa nayo tu bwana, kura hailiwi." Uchaguzi wenyewe ni Agosti, na redio inasema uhakiki wa kadi ni Juni. Ikifika Mei nazirudisha zote.

Usinitilie shaka kwa kila kitu. Tangu tukiwa wadogo nikipata pipi ulikuwa unaniuliza nimeitoa wapi.

Tena kuna jambo nami nataka kuuliza. Diwani alinichokoza juzi, "Hivi dada yako huwa anakuandikia nini?" Nikamjibu salamu. Akasema ana rafiki katika ofisi yenu, na rafiki huyo anakusifu sana. Anakusifu kwa lipi? Wewe hukuwahi kuniambia una watu huko.

Vumbi


11 Machi

Wifi yangu,

Usishangae mwandiko. Ni mimi Mama Pacha. Mdogo wako hajui kama nakuandikia, na nakuomba ukijibu usinitaje.

Yeye anakuandikia kwamba dizeli ipo. Ni kweli ipo, lakini hakukwambia kwa nini ipo kwetu tu. Mashine ya pili ya kata hii, ile ya ng'ambo ya daraja, imefungwa mwezi sasa. Mwenyewe hapati dizeli kokote, kila kituo wanamwambia imekwisha, kwa sababu mwanawe anagombea udiwani dhidi ya huyu wetu. Basi watu wote wa ng'ambo wanavuka kuja kusaga hapa, na wakija wanaacha kadi. Wifi, unajua mwenyewe watu wa ng'ambo humpigia nani kura.

Sanduku lina kadi mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu mume wangu alipokuwa anaoga.

Jumatano muuza mboga aliomba kadi yake. Yule mtu wa kwenye kiti akamuuliza, "Unataka kura au unataka unga?" Akasema unga. Mume wangu alikuwa pale pale, akajifanya anakaza mkanda wa mashine ambao haukuwa umelegea.

Uchaguzi uko mbali. Mbona wanazitaka sasa hivi? Wewe uko karibu nao, niambie kama naota.

Wifi yako,
Mama Pacha


17 Machi

Vumbi,

Barua hii inaletwa na nesi anayekuja likizo huko kwetu. Usimhoji, hajui kilichomo. Isome peke yako, kisha iwashie jiko.

Uhakiki si Juni. Ni tarehe nne hadi sita Aprili. Tangazo limeshachapwa, nimeliona kwa macho yangu, na litasomwa redioni tarehe mbili jioni ili watu wasipate muda wa kujipanga. Linaanza kama mengine yote. Kutokana na hali ngumu ya uchumi, uhakiki utafanywa kwa siku tatu tu, na asiyekuwa na kadi mkononi atafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Hakuna kiapo wala shahidi, wala kusema kadi yangu iko mashineni.

Umeelewa sasa pipa lilikuwa la nini. Na si kwako tu. Mahali pengine kadi zimeshikwa kwa mbolea, pengine kwa dawa, kila kata na shida yake. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Hawa njaa waliikuta mlangoni, wakaikaribisha ndani na kuipa kazi. Siku dizeli iliposhuka bei kidogo nilitazama nyuso zao ofisini, na naapa walinuna.

Rudisha kadi, zote, kuanzia leo. Sema sanduku limeingia maji, sema panya, sema lolote. Na kwa kuwa nakujua, nakuomba hili kama dada yako mkubwa: usimuulize mtu yeyote kama ni kweli.

Dada


24 Machi

Dada,

Nimeisoma, na usingizi ulinipaa. Asubuhi nikafanya alivyotufundisha baba: mtu ukimtilia shaka, mwendee ukamuulize usoni. Nilikwenda ofisini kwa Diwani nikaiweka barua yako mezani. Nikasema, "Mheshimiwa, hili ni kweli?"

Aliisoma polepole. Kisha akacheka, akaagiza niletewe soda. Akasema, "Dada yako kachoka. Maisha yamekuwa magumu, ofisi zimejaa fitina, mtu akisikia nusu neno anajaza mwenyewe." Halafu akaniuliza swali. "Mtu mkweli anakwambia uchome barua yake? Anaficha nini?" Barua amebaki nayo. Amesema atafuatilia wanaokutumia wajulikane, wewe usidhurike.

Basi nakuuliza usoni, ijapokuwa ni kwa karatasi. Nani anakutumia? Ulipokuja mara ya mwisho ulishinda siku nzima kwa mwenye mashine ya ng'ambo, ukasema unaona rafiki. Sikuuliza siku ile. Na mke wangu siku hizi akisikia jina lako anakaa kimya, kama mnajuana kwa jambo nisilolijua mimi. Mnaandikiana?

Mimi nasaga unga wa watu mia nne. Mashine ikizimika watoto wao watalala na njaa, na hawatakuja kugonga wizarani, watagonga kwangu. Huko ulipo hilo unaliona?

Vumbi


28 Machi

Ndugu,

Rejea barua yangu ya tarehe 17 Machi.

Napenda kukujulisha kwamba maelezo yaliyomo katika barua hiyo hayakuwa sahihi. Uhakiki utafanyika mwezi Juni kama ulivyotangazwa. Kadi ziendelee kutunzwa kwa utaratibu uliopo hadi utakapopewa maelekezo mengine na Mheshimiwa Diwani. Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga Chapa


3 Aprili

Wifi,

Sijui kama bado uko ofisini, sijui uko wapi. Nampa yule nesi, anarudi leo, amesema atakutafuta hadi chumbani kwako.

Ile barua ya mashine ya chapa aliileta Diwani mwenyewe tarehe thelathini, bahasha iko wazi. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mbele ya foleni nzima, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yetu. Mimi nilikuwa nafunga magunia. Niliposikia "Ndugu," mkono ulisimama. Miaka tisa nimeolewa hapa hujawahi kumwita hivyo. Umemwita Vumbi, umemwita kichwa maji, umemwita mzee wa pumba. Hata siku tunamzika mama yenu ulimwita Vumbi. Nikajua barua ile ina mikono ya watu.

Nikasubiri aende kuoga. Akivua suruali ya kazi ufunguo unabaki kwenye mkanda. Kila jioni nimetoa kadi kidogo kidogo, na mchana nikifunga unga wa mtu naitia kadi yake ndani. Kila mmoja nilimwambia neno moja: ukifika nyumbani usichote kwa kopo, ingiza mkono. Wengine walinitazama kama nimerukwa na akili. Muuza mboga alielewa kabla sijamaliza. Jana nilitembeza nyingine nyumba kwa nyumba, pacha mmoja mgongoni mmoja kiunoni, kadi zimo ndani ya nepi. Mtu wa Diwani alinisimamisha njiani akasifu watoto wanavyonenepa.

Nimerudisha mia moja sabini na moja. Ningemaliza, lakini dizeli imekwisha na pipa jipya halikuletwa, watu hawaji tena. Jana jioni tangazo likasomwa, neno kwa neno kama ulivyoandika. Mume wangu alikaa juu ya gunia. Nilidhani kukipambazuka atalifungua sanduku mwenyewe awaite watu. Asubuhi walikuja kulichukua. Nilikuwa nimelijaza pumba chini na kadi zilizobaki juu, ili lisiwe jepesi wakilibeba. Mia mbili arobaini na moja zimekwenda nalo. Mume wangu aliwashikia mlango.

Sijamwambia. Mdogo wako hajui kusema uongo, akiulizwa atanitaja, na atanitaja bila ubaya wowote moyoni. Kwa hiyo kwa sasa namwogopa yeye kuliko Diwani. Ni vibaya kusema hivyo juu ya mume, lakini kwa nani nitasema?

Mama Pacha


10 Aprili

Vumbi,

Naandikia juu ya meza ya kupigia pasi, chumbani kwangu. Ofisini sina meza tena.

Tarehe ishirini na nane Katibu aliniita. Mbele yake kulikuwa na barua yangu, ile niliyokwambia uiwashie jiko, na alama ya chini ya chupa ya soda pembeni. Hakupaza sauti. Alisema kuna njia mbili, nichape atakachosema au nikajieleze kwa watu wa usalama. Nikachapa. Neno "Ndugu" ni langu. Yeye alisema andika "Mpendwa," mimi nikabadilisha akiwa amegeukia dirishani, nikidhani ukiliona utashtuka. Aliyeshtuka hakuwa wewe. Ijumaa ikaja barua kwamba, kutokana na hali ngumu ya uchumi, mkataba wangu hautaongezwa. Hiyo nayo niliichapa mwenyewe, hapakuwa na mwingine wa kuichapa.

Siku niliyoshinda ng'ambo nilikuwa namuuguza mke wa mwenye mashine, tulisoma pamoja. Ungeniuliza siku ile ile ningekujibu.

Kabla sijakuuliza langu, nitasema kosa langu. Tangazo lile sikuliona tu. Nililichapa mimi, tarehe ishirini Februari, siku moja baada ya kukuandikia habari za biskuti. Siku ishirini na tano nilijua, nikanyamaza, nikingoja ajira ya kudumu. Nilikuwa najiambia labda watalibadilisha, labda kadi zako ni chache, labda wewe mwenyewe utashtuka. Ningekwambia siku ile, kadi zilikuwa bado kwenye misumari na watu wanaondoka nazo. Nimeona aibu hadi nashindwa kula, na sikulaumu kwa lolote ambalo mimi nililianza.

Ila swali ninalo, na nimelala nalo wiki mbili. Uliipeleka barua yangu kwa Diwani kwa sababu ya mafundisho ya baba, au kwa sababu ya dizeli? Kama ulikuwa mjinga, nimeshakusamehe. Kama ni hilo lingine, nataka kwanza nijue mdogo wangu ni nani.

Dada yako


16 Aprili

Dada,

Ni dizeli.

Nimeandika jibu hili mara tatu nikimtia baba ndani yake, nikalichana. Baba hakuwamo. Asubuhi ile pipa lilikuwa limebaki la siku moja, nililigonga likalia kama ngoma. Barua yako niliiamini nilipofika mstari wa pili. Nilikwenda kwa Diwani nikitaka acheke, na alipocheka nilishukuru, nikanywa soda yake yote. Yale ya nani anakutumia, na mke wangu kunyamaza, niliyatafuta njiani nikirudi, nipate cha kukukasirikia. Barua ya "Ndugu" niliisoma kwa sauti kubwa kwa sababu mtu akisoma kimyakimya anaisikia nafsi yake. Na asubuhi walipokuja kulichukua sanduku nilijiambia wako wanne, nitawafanya nini. Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na mguu mbovu.

Tarehe nne watu walijaa mashineni tangu alfajiri. Niliwaambia kadi ziko kwa Diwani, wakaenda, wakakuta ofisi imefungwa na mlinzi hajui lolote. Siku tatu zikapita hivyo. Mia mbili na arobaini na moja wamefutwa. Fundi cherehani ni mmoja wao. Suruali niliyompa aishone ameirudisha haijaguswa, ameiacha juu ya ukuta bila kubisha hodi. Wanasema nimeuza kura zao kwa pipa, na mimi nikitafuta la kubishia silipati. Wale wengine, wenye kadi, walikuwa wanamwamkia mke wangu kwa heshima ambayo sikuielewa. Mimi nilidhani wanamwonea huruma kwa kuolewa na mtu kama mimi.

Juzi Diwani alikuja na sanduku lile lile na watu wake wawili. Alilipindua, pumba zikamwagika sakafuni kwa bonge, zimeshindiliwa kwa ngumi na alama za vidole bado zinaonekana. Huku mashineni ni mtu mmoja tu anayeshindilia hivyo. Hapo ndipo nilipojua, dada, sikujua hata dakika moja kabla.

"Nani mwingine anashika ufunguo wako?" akauliza.

Mama Pacha alikuwa mlangoni na pacha mmoja begani. Nilimwona amevuta pumzi ya kusema. Nikamtangulia. Nikasema ni mimi niliyezitoa, ni mimi niliyezigawa, na pumba nilijaza mwenyewe.

Diwani akaniuliza tena kwa upole, kama anayekupa nafasi ya kujisahihisha, "Wewe ni mtu mkweli, nakujua. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Mashine imepigwa lakiri. Jumatatu naripoti polisi, kosa ni kushika kadi za watu bila idhini na kuzigawa bila idhini, yote mawili kwa pamoja. Mke wangu alitaka anifuate akaseme kweli, nimemkatalia, watoto wananyonya. Wewe usije kwanza. Wakikuona huku watapata swali jingine la kuniuliza.

Walipoondoka alifagia pumba zote hadi pembeni. Nilimngoja aniambie ahsante, nakiri. Alipomaliza aliuegemeza ufagio ukutani, akaniuliza kama ningesema vile vile iwapo pipa lingekuwa limejaa.

Nikamwambia sijui. Na wewe, dada, sina jibu jingine la kukupa.

Mdogo wako,
Vumbi